Ukumbusho na Mazungumzo: Chanzo cha Ubunifu wa Tshibumba Kanda Matulu

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1947, anajulikana kwanza kama mchoraji. Mnamo miaka ya 1973 na 1974 alitengeneza michoro 101 inayoeleza historia ya Zaire, akaiuza kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha wakati huo katika kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Jambo ambalo wahakiki wa Kiswahili hulipita haraka ni kwamba msanii huyo aliisimulia michoro yake kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili cha Shaba, na masimulizi hayo yakarekodiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubunifu wa Tshibumba ulitokana na mambo mawili ya kawaida kabisa, yaani mazoea ya kazi na mazungumzo na watu, na kwamba masimulizi yake yanastahili kusomwa kama kazi ya sanaa kwa haki yake yenyewe.

1. Mazoea ya kazi

Katika miji ya migodi ya Shaba, wachoraji wa miaka ya 1970 walichora kwa ajili ya sebule za watu wa kawaida. Kitambaa kilikuwa mara nyingi gunia la unga lililopakwa rangi ya kwanza na kuwambwa kwenye fremu ya mbao. Mada zilijulikana na wote: mamba-muntu, kijiji cha zamani, na hasa ule mchoro uitwao « Colonie belge », ambamo mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa kiboko, na mtawala Mbelgiji anatazama. Kila mchoraji aliurudia mchoro huo mara nyingi, kwa kuwa wanunuzi waliutaka.

Mhakiki aliyezoea kudai upya katika kila kazi ataona hapa unakili mtupu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Msimulizi wa ngano naye hurudia ngano ileile, lakini hakuna anayemnyima cheo cha usanii kwa sababu hiyo. Kwa kurudia, mkono wa mchoraji unazoea umbo, na akili inapata nafasi ya kuuliza maswali: Nani aliyempa askari amri? Mfungwa alitenda kosa gani? Wanawake wanaoleta chakula wanasema nini? Tshibumba alifika kwenye historia nzima ya nchi kwa kupitia maswali ya namna hiyo. Bila shaka mada zile chache za sebuleni ndizo zilizokuwa shule yake.

2. Neno « ukumbusho »

Wachoraji na wanunuzi walikuwa na jina lao la michoro hii: ukumbusho. Neno lenyewe linastahili kuchunguzwa. Kutokana na kitenzi -kumbuka tunapata kitenzi cha usababishi -kumbusha, na kutokana na hicho nomino ukumbusho. Kiarifu sarufi, usababishi huongeza mshiriki. Anayekumbuka anaweza kuwa peke yake. Anayekumbusha anamhitaji mwenzake. Kwa hiyo ukumbusho unatofautiana na kumbukumbu. Kumbukumbu yaweza kukaa ndani ya mtu mmoja hadi kifo chake, lakini ukumbusho haukamiliki mpaka mtu wa pili asimame mbele yake na kuanza kusema.

Hivyo ndivyo michoro hiyo ilivyofanya kazi nyumbani. Mgeni aliingia, akaona kiboko ukutani, akauliza. Mzee wa nyumba akajibu, naye kijana akasikia. Mchoraji aliyebeba kazi zake kwenda kuziuza alisikia majibu hayo pia, na bila shaka aliyachukua kwenda nayo kwenye mchoro uliofuata.

3. Msikilizaji

Fabian aliingia katika mzunguko huo kama mnunuzi, kisha akawa msikilizaji wa kudumu. Inaweza kupingwa kwamba kazi iliyotengenezwa kwa kuhimizwa na mnunuzi haina uhuru. Hoja hii ina uzito, kwa sababu mtu anayelipa anaweza pia kuelekeza. Hata hivyo ushahidi wa kazi yenyewe unaelekea upande mwingine. Tshibumba alijitambulisha kama mwanahistoria, akapanga mfuatano wake, akatetea maelezo yake alipoulizwa. Katika mchoro wa kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito cha tarehe 17 Januari 1961, aliweka misalaba mitatu kwa nyuma, na katika masimulizi alimlinganisha Lumumba na Yesu. Wazo hilo lilitokana na fikra zake mwenyewe na imani ya watu aliokaa nao. Alichopewa na msikilizaji ni muda, maswali, na sababu ya kusema hadi mwisho.

Inafaa kutazama pia mgawanyo wa lugha. Maandishi juu ya michoro ni ya Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali. Masimulizi ni ya Kiswahili. Juu ya kitambaa msanii anatangaza. Katika mazungumzo anasita, anarudi nyuma, anaeleza alikosikia jambo. Asomaye Kifaransa peke yake anapata nusu ya kazi.

4. Hatima ya kazi

Habari za Tshibumba zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fabian alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1996, kwa Kiingereza, na mkusanyo wenyewe ukaingia baadaye katika jumba la makumbusho la Tropenmuseum, Amsterdam. Kwa kuhifadhiwa huko michoro imeokoka, na hilo ni jambo la shukrani. Lakini ukumbusho uliotengwa na wenye kukumbushwa umebaki na mshiriki mmoja.

Sehemu ya masimulizi imekwisha kutolewa kwa Kiswahili chake cha asili, kwa hiyo kukosekana kwa matini si udhuru tena. Kizuizi kilichobaki ni dharau: Kiswahili cha Shaba huitwa kibovu, na jambo lisilochapwa kwa Kiswahili sanifu halihesabiwi kuwa fasihi. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zinaweza kuyaweka masimulizi haya katika mafunzo ya fasihi simulizi, pamoja na picha za michoro, na kuwatuma wanafunzi kwenda nazo kwa wazee wa Kenya, Katuba na Kamalondo. Mzee mmoja akianza kubishana na mchoro, kazi ya Tshibumba itakuwa imepata tena mshiriki wake wa pili.