Daktari Asiyekimbilia Kabati la Dawa

Jino la paka ni jembamba kama sindano. Paka aking'atwa na mwenzake ngozi huziba upesi, na bakteria, mara nyingi Pasteurella multocida, hubaki ndani wakitunga usaha. Jipu la namna hii likipasuliwa na kusafishwa vizuri, paka akapewa amoksilini yenye klavulanati, kwa kawaida hupona. Anayenivutia mimi ni daktari wa mifugo anayeletewa lile lililogoma, linalovuja wiki baada ya wiki, huku mwenye paka akiomba "dawa kali zaidi".

Huyo kwanza huuliza. Vidonge vya mwanzo vilimezwa, au vilitemwa nyuma ya kochi? Hupapasa kandokando ya kidonda, taratibu, akitafuta kipande cha jino kilichobaki chini ya ngozi. Hupima damu kuona kama kuna FIV, virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka. Kisha huvuta usaha wa ndani kabisa, maana ule wa juu umeshaingiliwa na vijidudu vya ngozi, akaupeleka maabara.

Huko vijidudu huoteshwa kwenye sahani na kuwekewa vikaratasi vya mviringo vyenye dawa mbalimbali. Kesho yake dawa inayoweza kuvizuia huwa imezungukwa na duara tupu. Duara hilo hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na jedwali, kwani kila dawa ina kipimo chake: lenye upana kuliko yote laweza kuwa la dawa isiyofaa.

Majibu hayo yanaeleza habari za kijidudu tu; paka ni kazi ya daktari. Enrofloksasini ikizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku yaweza kuharibu retina na kumpofusha. Kidonge cha doksisaiklini kikikwama kwenye umio huunguza na kuacha kovu linalobana njia ya chakula, ndiyo maana daktari humwonyesha mwenye paka, kwa bomba la sindano, namna ya kusindikiza kila kidonge kwa maji. Sefovesini huchomwa mara moja ikafanya kazi takribani siku 14, lakini ikimletea paka madhara haitoki mwilini kwa haraka.

Basi humtazama pia aliyembeba paka. Bibi mwenye mikono inayotetemeka, majibu yakiruhusu, atachomewa paka wake sefovesini. Kijana anayeweza kumshika wake asubuhi na jioni ataondoka na vidonge vya dawa inayolenga vijidudu vichache zaidi, na tarehe ya kurudi iliyowekwa kabla dozi haijaisha, ili kidonda kikaguliwe upya.