Kicheko cha Kungwi

Wanaume wa Ng'ambo, mjini Unguja, wanakijua kicheko hiki ingawa hakuna aliyewaalika kukisikiliza. Kinatoka uani, nyuma ya ukuta wa makuti, msondo ukilia, nao wako barazani na kahawa yao wakijitia hawasikii. Kila kinapolipuka, mazungumzo ya barazani hukatika. Mmoja hukohoa, mwingine huinamia kikombe chake, kisha wote huanza kucheka bila kujua kinachochekwa ni nini. Maneno ya kungwi anayefunda unyagoni hayavuki ukuta, kicheko kinavuka.

Huo kwangu ndio usanii mgumu kuliko wote tuliorithi pwani: kutwaa damu ya mwezi, mimba, uchungu, maziwa na uzee, mambo ambayo mwanamke hufundishwa kuyaficha tangu anapovunja ungo, na kuyageuza furaha ya chumba kizima pasipo hata mmoja kutoka amedhalilika.

Somo mmoja nilimwona Tanga, akimfunda bi harusi. Bibi mfupi, mzito wa magoti, sauti yake ndogo kiasi cha kutulazimisha tusogee. Alijilaza ubavu juu ya mkeka, na palepale akawa mjamzito wa miezi tisa anayetaka kwenda msalani usiku wa manane. Hakujaza nguo tumboni. Mkono mmoja ulipapasa ukuta, wa pili ukashika kiuno, na pumzi zikafanya kazi iliyobaki. Akajigeuza nusu, akatulia. Akajaribu tena, akafika kukaa, akapumzika, maana msala ulikuwa bado mbali. Kisha akageuza shingo polepole kumtazama mume, ambaye hakuwepo, amelala fofofo kando yake. Hakusema neno. Alimtazama tu, akamtazama, akampandishia upande wa kanga uliomteleza begani, kama mama anavyomfunika mtoto, akashusha pumzi.

Hapo tulikwisha. Waliozaa walicheka hadi machozi, wakikamatana mikono. Wasiozaa walicheka vilevile, na bibi mmoja aliyemaliza uzazi zamani sana alikuwa akijipiga mapajani. Bi harusi alikuwa amefunikwa kanga gubigubi, mabega yakimtikisika. Somo akangoja kicheko kishuke chenyewe, akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Ukifika hapo, mwamshe. Usione haya, mwanangu." Chumba kikanyamaza. Somo lenyewe lilikuwa hilo, na lilikuwa limeshaingia kabla mwanafunzi hajajua kwamba anafundishwa.

Nimekutafakari mara nyingi kule kutazama kwake kimya. Angeweza kumtukana mume, na tungecheka pia, lakini tungecheka kidogo na kwa uchungu. Angeweza kuutaja mwili waziwazi, kiungo kwa kiungo, na nusu yetu tungeinamisha vichwa. Yeye alichagua kuwa mkweli. Kila mwenye mimba amewahi kuamka hivyo, na kila mume amewahi kulala hivyo. Ndiyo maana naamini kwamba mume angeruhusiwa kuchungulia angecheka kuliko sisi sote, kisha usiku ule angelala jicho moja wazi. Vichekesho vya mwili wa mwanamke vinamgusa kila mtu kwa sababu hakuna aliyekuja duniani kwa njia nyingine.

Kungwi anayeijua kazi yake hutumia fumbo. Atataja kisima, shamba, mvua ya vuli, na mtoto anayepita na ndoo atasikia habari za kisima, shamba na mvua ya vuli. Mwenye kuyajua ataumia mbavu. Ulinzi huo ulikuwa sehemu ya ufundi wenyewe: aliyekomaa alipewa, ambaye bado aliachwa na utoto wake. Sisemi kila kilichofundishwa unyagoni kilifaa. Kumwoza binti kwa sababu tu amevunja ungo hakukufaa, na heri jambo hilo likome kabisa.

Ngoma hizi za unyago zilifika Unguja na watu wa bara, Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengineo, na wengi wao waliletwa kama watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria kisiwani hadi mwaka 1897. Kwa hiyo baadhi ya wanawake waliojifungia na msondo walikuwa na miili ambayo kwa sheria ilikuwa mali ya mtu mwingine. Ndani ya duara lile mwili ulikuwa wao, na waliucheka wao wenyewe, kwa mapenzi. Ninapolikumbuka hilo siwezi kuuita unyago mchezo wa kihuni, kama wanavyopenda kuuita watu wasiowahi kuingia ndani.

Dunia ilionjeshwa kidogo kupitia Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu. Wageni walimjua kwa taarabu. Kwao Unguja alikuwa pia mwalimu wa unyago. Aliifunga ngoma kiunoni kwa kanga, akaipanda na kuipiga, uso umejaa utundu, na katika jukwaa la tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe watu waliokuja kutoka mbali, wasiojua neno moja la Kiswahili, walicheka mahali panapostahili kuchekwa. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, huko Newcastle, Uingereza. Alifariki Aprili 2013. Tulimlilia kwa hotuba nyingi, kisha hatukuuliza ni nani anayeshika ngoma baada yake.

Leo tuna kicheni pati. Ukumbi umepambwa, kwa muziki watu hawasikilizani, na kungwi wa kukodi amekamata kipaza sauti. Anataja kila kitu kwa jina lake, kwa kelele, na simu zimeinuliwa kumrekodi. Kabla ya alfajiri video imefika Mwanza na Muscat, watoto wa shule wameiona, na bi harusi ameondoka na masufuria bila neno moja la kumsaidia usiku atakapoamka mzito. Kwenye televisheni nako tumezoea mwanamume aliyevaa gauni na kujaza matambara matakoni, akatembea, tukacheka. Tunamcheka nani? Matambara yale ni dhihaka ya mama zetu, na hayajawahi kumfundisha msichana chochote ila kujichukia.

Na kuna kicheko kinachoua. Septemba 2019, huko Bomet, Kenya, msichana wa miaka 14 alijiua baada ya hedhi kumkuta darasani hana taulo. Mama yake alieleza kwamba mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Sheria ya kuwapa wasichana wa shule taulo bure ilikuwa imepitishwa tangu 2017. Sheria ilikuwepo, aliyekosekana ni mtu mzima wa kumweka binti yule kwenye mkeka mapema, amwoneshe jinsi yeye mwenyewe alivyotembea kinyumenyume siku yake ya kwanza akiificha sketi, amchekeshe hadi woga umtoke. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Tumewaacha wazeeke bila wanafunzi, halafu tunawakodi waliojifunza kwenye simu.

Makungwi wa kweli bado wapo, Tanga, Bagamoyo, Unguja, wengi magoti yamechoka na mlangoni hawabishiwi hodi. Wewe unayeandaa shughuli ya binti yako mwaka huu, mtafute mmoja. Kusanyeni simu mlangoni, zimeni kipaza sauti, mtandikieni mkeka, na wasichana wakubwa wa nyumba wakae karibu naye waone anavyofanya. Na wanaume wakae barazani, watasikia kinachowatosha.