Kutoamini kwa Jocasta

Wanafunzi wamalizapo kuusoma mchezo wa Mfalme Oedipus, uliotungwa na Sophocles wa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo, wengi husema kwamba yote yalikwisha kuandikwa, wala hapana la kuongeza. Nawasihi wasifunge kitabu upesi hivyo. Yumo mtu mmoja asiyekubali kwamba liko lililoandikwa, naye ni Jocasta, malkia wa Thebes.

Sababu anayo. Laius, mumewe wa kwanza, aliaguliwa kwa jina la mungu Apollo wa Delphi kwamba atauawa na mwanawe mwenyewe. Mtoto akazaliwa, na kabla ya siku tatu kupita akafungwa vifundo vya miguu, akatolewa kwenda kutupwa mlimani. Hatimaye Laius, kwa habari zilizofika mjini, aliuawa na wanyang'anyi mahali zikutanapo njia tatu. Basi uaguzi uko wapi? Hoja hiyo si ya mpumbavu. Neno la Delphi limemnyima mtoto, kisha, aonavyo yeye, likawa uongo. Mama gani angeliheshimu tena?

Lakini tazameni: punde baadaye yuaja na ubani mbele ya Apollo huyo huyo, kumwomba. Moyo wa asiyeamini si mtupu kama kinywa kisemavyo. Mara afika mjumbe kutoka Corinth, na habari kwamba Polybus, adhaniwaye kuwa baba yake Oedipus, amekufa kwa uzee. Jocasta afurahi, asema kwamba mambo ya wanadamu huendeshwa na bahati tu, na heri kila mtu aishi kama awezavyo. Kumbe mjumbe yule yule ndiye ambaye maneno yake yatambainishia kwamba Oedipus, mumewe wa sasa, ni yule mtoto. Sophocles hakumjibu kwa hotuba. Amemjibu kwa mgeni aliyefika mlangoni kana kwamba kwa bahati, na katika mchezo wote sioni ufundi unaoupita huu.

Mkristo atasema kwamba Jocasta amekosea, na ni kweli. Ila asidhani kwamba kwa hiyo Apollo ni sawa na Mungu wa manabii. Yona alitangaza kwamba mji wa Ninawi utaangamizwa baada ya siku 40. Watu wakatubu, mji ukaokoka. Neno lile lilikuwa onyo, nalo lilikuwa na mlango. Neno alilopewa Laius halina mlango: katika mchezo huu halimwambii atubie nini. Akilikataa, Jocasta hajamkataa Mungu tumjuaye sisi, hakupata kuhubiriwa.

Linalonitaabisha mimi zaidi ni huruma ya mchungaji. Aliagizwa amwangamize mtoto. Akamhurumia, akampa mchungaji mwenziwe wa Corinth. Hilo ni tendo jema kuliko yote tusomayo humo, na kwalo yakaja maovu yote. Katika habari za Yusufu, ubaya wa ndugu zake uligeuzwa ukawa chakula wakati wa njaa. Hapa wema umegeuzwa ukawa tauni katika Thebes. Darasani huulizwa kama mchungaji yule alitenda dhambi. Nami hujibu kwamba la, tena ningemwomba atende vivyo hivyo. Ndipo huulizwa, "Hata kama angalijua, mwalimu?"