Moshi Katika Filamu ya Zarina Bhimji

Huko Kidodi, wilayani Kilosa, moshi juu ya miwa huashiria mavuno. Katika Out of Blue (2002), filamu ya Zarina Bhimji, mzaliwa wa Mbarara, moshi juu ya vilima vya kijani ni hofu: Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972. Hatuoneshwi mtu, ni kuta, makaburi, kambi za askari, na sauti. Ukimya huo wa picha wauma kuliko hotuba. Ila kuta hizo zamlilia aliyeondoka tu. Mpishi na mchukuzi wake, waliobaki mikononi mwa Amin yuleyule, hawamo hata kwa kivuli. Hata hivyo Entebbe yake, mlango wa kutokea wa maelfu, haisahauliki.