Usile iPod: Utani wa Tanbihi katika Matangazo ya Kompyuta

Januari 2005 kampuni ya Apple ilitoa kicheza muziki kidogo kiitwacho iPod shuffle. Katika tovuti yake ilikilinganisha kwa ukubwa na pakiti ya chingamu. Kisha chini kabisa ya ukurasa, mahali pa wanasheria, tanbihi ikaonya: "Usile iPod shuffle."

Niliposoma onyo hilo darasani, wenzangu walicheka, nami bado nacheka. Tumefundishwa kwamba tashbihi nzuri haifafanuliwi. Hapa mwandishi anajifanya kuogopa kwamba tashbihi yake imeaminika mno, anaifafanua kwa sauti kavu ya sheria. Anayechekwa si mla chingamu, bali sauti yenyewe ya maonyo. Maneno matatu tu, hata "tafadhali" hakuna!

Lakini tuwatazame majirani wa utani huo. Tangazo lilidai kwamba kifaa cha GB 1 hubeba nyimbo 240. Tanbihi nyingine, isiyo na mzaha, ilisema hesabu hiyo ni ya nyimbo za dakika 4. Nani kati yetu, tuliokulia kwenye rumba ya Kongo, ana nyimbo za dakika 4? "Mario" ya Franco na TPOK Jazz inapita dakika 10. Kwa nyimbo za namna hiyo, zangu hazingefika hata 100.

Wapo watakaosema utani huo humzawadia msomaji makini. Nakubali nusu. Humzawadia, kisha humwondoa pale akiwa ameridhika, kabla hajasoma mstari unaofuata.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Mwaka jana nilinunua kompyuta mpakato hapa Bujumbura, iliyotangazwa kuwa na diski ya GB 500. Nilipoiwasha, Windows ikaonyesha 465. Nilirudi dukani nikiwa nimejiandaa kugombana. Muuzaji, bila kupandisha sauti, alinionyesha mstari ubavuni mwa boksi, kwa Kiingereza, herufi kama sisimizi: GB 1 ni baiti bilioni 1. Mtengenezaji huzidisha kwa 1,000, Windows kwa 1,024. Baiti zote zilikuwapo. Ni vipimo viwili vyenye jina moja. Niliomba radhi nikaondoka.

Baba, aliyetoa pesa, aliniuliza zile 35 zimekwenda wapi. Nilimweleza kwa Kiswahili, polepole, na kalamu mkononi. Hakucheka.