Stelingi Hafi: Maoni juu ya Picha ya Commando Itazamwapo Mara ya Pili

Mtu mzima akirudi katika nyumba aliyokulia huona mlango umekuwa mfupi na ua umekuwa mwembamba, hali nyumba ni ile ile na ukuta haukusogea. Picha za sinema zilizopendwa utotoni zina desturi iyo hiyo. Azitazamaye tena baada ya miaka thelathini hucheka, kisha huona haya kwa kucheka, na aghalabu huishia kuzidhihaki ili aonekane amekua. Mfano mzuri wa jambo hili ni Commando, picha ya Marekani iliyotolewa mwaka 1985, ambayo watoto wengi wa miji ya Afrika Mashariki waliiona katika mabanda ya video, wamebanana juu ya mabenchi, deki ikinguruma na kioo kikitoa chenga. Yafaa kuuliza: je, kilichopungua ni picha yenyewe, au ni kitu kingine kilichokuwa pamoja nayo?

Hadithi ni fupi. John Matrix, kanali mstaafu, anakaa mlimani pamoja na Jenny, binti yake wa pekee. Arius, aliyekuwa dikteta wa nchi iitwayo Val Verde, anamteka binti huyo ili baba alazimike kwenda kumwua rais wa nchi hiyo. Matrix anapakiwa katika ndege pamoja na mlinzi. Anamwua mlinzi kitini, anashukia kwenye gurudumu ndege inapoondoka, anajitupa kinamasini, na anainuka akijipangusa kama mtu aliyeteleza koshini. Unabaki muda wa saa 11 kabla ndege haijatua na hila kujulikana. Katika muda huo, akisaidiwa na Cindy, mtumishi wa ndege aliyekutana naye njiani, anapata silaha, anafika kisiwani na kulimaliza jeshi zima peke yake. Mwongozaji ni Mark L. Lester, Matrix ni Arnold Schwarzenegger, na mambo yote haya yanakwisha katika muda wa dakika 90 hivi.

Jicho la mtu mzima halikosi pa kuchokonoa. Ipo motokaa ya rangi ya manjano ambayo ubavu wake mmoja unachubuka na kubonyea vibaya. Muda kidogo baadaye Matrix anaondoka nayo, na ubavu ule ni mzima, hauna hata mkwaruzo, wala fundi hakuonekana. Katika vita vya kisiwani nyumba zinalipuka na askari wanarushwa hewani. Lakini atazamaye kwa makini ataona kwamba wale si askari bali ni sanamu, na nguzo zilizowashikilia zaonekana. Risasi za jeshi zinapasua maua ya bustani na kumkosa mtu mwenye kifua kipana kama mlango. Zaidi ya yote yupo Bennett, adui mkuu, aliyewakosesha watoto usingizi. Mtu mzima anapomkuta tena anaona mtu mnene kidogo, mwenye masharubu, aliyevaa fulana ya matundumatundu kama mvuvi aliyejifunga wavu wake mwenyewe. Ni vigumu kumhofu mtu wa namna hiyo, na ni vigumu zaidi kukiri kwamba aliwahi kuhofiwa.

Hata hivyo makosa haya si hoja kubwa dhidi ya picha hii, wala dhidi ya watoto walioipenda. Msomaji wa tendi za vita, kama Utendi wa Ras al-Ghuli, amezoea kuona shujaa mmoja akiingia katika safu za maelfu na kutoka salama. Hakuna mwanachuoni aliyewahi kuutupa utendi kwa sababu hesabu ya waliouawa haikubaliki. Mubalagha huo una kazi yake: hupima ukubwa wa shujaa, si idadi ya maiti. Watoto wa mabanda ya video waliijua kanuni hiyo bila ya kufundishwa, na waliiweka katika maneno mawili: stelingi hafi. Neno stelingi, ambalo laonekana kutokana na maandishi ya Kiingereza yaliyotangulia majina ya wachezaji wakuu wa sinema, likawa istilahi kamili ya uhakiki, likiwa na kinyume chake, yaani adui. Aliyeingia bandani akiwa amechelewa hakuuliza jina la picha. Aliuliza stelingi ni nani. Akishajibiwa, aliweza kukaa kitako, kwa maana alijua mwisho na alitaka kuona njia tu. Ndivyo msikilizaji wa hadithi ya kale alivyokaa, naye hakuitwa mjinga.

Picha za aina hii ziliacha alama katika lugha pia. Huko Tanzania mifuko ya plastiki iliitwa rambo, kwa jina la shujaa mwingine wa zama zile, na jina hilo likadumu kwa miaka mingi, hata mifuko yenyewe ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Mtoto aliyeambiwa akalete rambo hakufikiri tena juu ya bunduki; alifikiri juu ya nyanya na vitunguu.

Jambo la ajabu lamngoja mtazamaji mzima mahali pengine, yaani katika maneno. Watoto wengi hawakujua Kiingereza cha kutosha, na mizaha yote ya picha hii iliwapita juu ya vichwa. Sasa yadhihirika kwamba picha yenyewe inajicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Matrix akiisha kumwua mlinzi wake ndegeni, anamfunika na kumwomba mtumishi asimsumbue rafiki yake, kwa kuwa amechoka mno. Na maneno ya Kiingereza ayatumiayo kusema uchovu yana mauti ndani yake. Mzaha huu ungeweza kupata Kiswahili chake bila ya taabu. Takriri ya fofofo hutumika kwa aliyelala na kwa aliyekufa pia. Matrix angesema tu kwamba mwenzake yu fofofo, asiamshwe, na neno moja lingebeba maana zote mbili. Mzaha wa mwisho ni mgumu zaidi. Bennett anachomwa kwa bomba, mvuke unatoka mwishoni mwake, na Matrix anamwambia maneno ambayo Mwingereza humwambia mtu mwenye hasira ili atulie. Atakayefasiri neno kwa neno, kwamba adui atoe mvuke, atabaki na mvuke bila ya mzaha. Na atakayesema apunguze hasira atabaki na maana bila ya mvuke. Pengine shusha pumzi ndiyo ingekaribia, maana pumzi hutoka na hasira hupoa.

Basi mtu mzima anayejiona ameerevuka kuliko picha hii amechelewa: watengenezaji wake walicheka kabla yake. Lakini wapo pia watoto waliocheka mapema, kwa kicheko kingine. Kazi ya wafasiri wa picha ni mashuhuri huko Dar es Salaam, na katika majina yake hapana budi kutajwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Mfasiri wa namna hii hakufuata maneno ya wachezaji moja moja. Alieleza yaliyopita, alidokeza yajayo, aliwatolea watu nia zao, aliwasema wabaya na kuwasifu wema, na pale waandishi wa Marekani waliponyamaza, yeye hakunyamaza. Mahali ambapo hapakuwa na mfasiri, alikuwako kijana aliyekwisha kuitazama picha mara nne, akawaeleza wenzake kwa sauti kubwa kuliko ya spika. Kwa hiyo picha waliyoiona watoto haikuwa ile iliyotoka Marekani tu. Ilikuwa hadithi ya Kiswahili iliyosimuliwa juu ya picha za wageni, yenye msimulizi, wasikilizaji na vishindo vya kuitikia.

Hapa pana jibu la swali lililoulizwa mwanzoni. Anayeitazama Commando leo, peke yake sebuleni, anapata picha safi isiyo na chenga na sauti ya Kiingereza aielewayo yote. Na bado anahisi amepunjwa. Alichokikosa hakimo katika picha. Kilikuwa bandani.

Upo upungufu mmoja, hata hivyo, usiofaa kuchekwa wala kusamehewa kwa sababu ya mapenzi ya utotoni. Val Verde ni nchi ya kubuniwa, na watu wake wamebuniwa kwa haraka zaidi. Askari wa kisiwani hawana majina, hawana mama, hawana jambo la kusema. Kazi yao ni kuanguka. Nchi yao ni mahali ambapo rais huwekwa au huondolewa kwa risasi ya mtu kutoka nje. Mtoto wa Afrika Mashariki alishangilia kila walipoanguka, wala hakuona kwamba katika ramani ya ulimwengu hali yake ilikuwa karibu zaidi na yao kuliko na ya yule kanali. Katika tendi pia maadui huanguka kwa makundi, lakini aghalabu mshairi huwapa viongozi wao ulimi, wakajigamba na kujibu kabla ya upanga kushuka. Hapo ndipo picha hii inapozidiwa.

Limebaki jambo moja liwahusulo wachunguzi wa lugha. Picha ya Kiingereza imehifadhiwa vema na yapatikana kwa urahisi. Masimulizi ya Kiswahili yaliyorekodiwa juu ya picha kama hizo hayana mlinzi wa namna hiyo. Yalikaa katika kanda za sumaku, na kanda huliwa na ukungu, hukatika, au hurekodiwa juu yake arusi ya jirani. Miswada ya tendi kwa hati za Kiarabu ilikusanywa kutoka masandukuni mwa watu wa pwani wakati ambapo wengi waliiona kuwa karatasi kuukuu, na leo hakuna ajutiaye kazi hiyo. Kanda za wafasiri zingefaa kutafutwa kwa bidii kama hiyo, na wale walioketi mabandani wangefaa kuulizwa wanachokikumbuka. Wengi wao wako hai. Watacheka kwanza watakapoulizwa habari za Bennett na fulana yake. Kisha, mtu akiwa na subira, watayasema maneno ya mfasiri kama walivyoyasikia.