Nuru Ndogo ya Dunguni: Uchambuzi wa Taa ya Betri Katika Mashamba ya Sepuka

Taa ya mlinzi wa shamba ni kitu ambacho wengi hukipita bila kukitazama, kwa kuwa vifaa vyake ni vichache na aghalabu vimeokotwa. Lakini mtu achukuaye taabu ya kuifungua, akaupima mkondo wake, na kuuliza kila kijipande kimewekwa pale kwa sababu gani, ataona kuwa imesimama juu ya hesabu, na kwamba hesabu hiyo ikikosewa mahali pamoja tu, ama balbu itaungua usiku wa kwanza ama betri itakufa kabla ya alfajiri. Nakusudia kuieleza hesabu hiyo, kwa kuwa naamini kuwa urahisi wa taa hii hautokani na uokotaji wa vifaa peke yake, bali hasa unatokana na kujua kuwa dungu, yaani kile kijukwaa cha juu cha mlinzi wa shamba, halihitaji nuru nyingi.

Sepuka ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, katika nchi kavu ambayo mvua yake huja kwa msimu mmoja wa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ambayo mkulima wake hutegemea mtama, uwele, mahindi na alizeti. Mazao hayo yakianza kukomaa shamba halina budi kulindwa: mchana dhidi ya ndege, hasa kwelea kwelea, ambao kundi lao likitua katika mtama haliachi ila mabua, na usiku dhidi ya nguruwe mwitu, nungunungu, mifugo iliyotoroka zizini, na mara nyingine dhidi ya binadamu mwenzetu. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Tanzania ambavyo baba zetu hawakutarajia kuviona viking'aa usiku. Lakini waya hufuata barabara na nyumba, haufuati dungu, ambalo mwaka huu limejengwa pembe hii ya shamba na mwakani litajengwa pembe nyingine. Kwa hiyo mlinzi aliachiwa moto wa kuni, kibatari na fanusi, na kila kimoja cha hivyo ni hatari chini ya paa la nyasi kavu. Gharama nayo si haba: fanusi inayowaka usiku kucha humaliza lita moja ya mafuta kwa makadirio ya mikesha minne au mitano, na Serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, ili kuwakomesha wale waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, mzigo huo ulimwangukia pia mtu wa dunguni, ambaye hakuwahi kumiliki hata tone moja la dizeli.

Fundi mwenye busara, kabla hajauliza habari za betri, huuliza nuru kiasi gani yahitajika. Mshumaa hutoa lumeni 12 hivi, kibatari hutoa pungufu ya hapo, na fanusi yenye kioo safi huweza kutoa 30 au zaidi kidogo. Mlinzi ana haja ya kuiona ngazi asiteleze, kukiona chakula chake, kufunga kamba ya turubai upepo ukiinuka, na pengine kuitafuta filimbi au kombeo lake. Na haja hizo zote zatimizwa na nuru ya mshumaa mmoja, maadamu imeelekezwa chini. Kuzidisha hapo ni kupata hasara mara mbili, ya betri na ya macho, kwa maana jicho la mwanadamu huchukua karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa dakika moja huibatilisha kazi hiyo yote, hata mlinzi akitupa macho shambani asione ila weusi mtupu, ilhali nguruwe aliye mtamani anamwona yeye kama mtu aliyekaa jukwaani. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao kwa miaka mingi walitumia karabai na ambao wengi wao sasa wamehamia taa za LED, wanayo sababu ya kutaka nuru tele, kwani kazi ya nuru yao ni kuita. Mlinzi wa Sepuka hataki kuita kitu chochote.

Kilichoiwezesha taa ya namna hii ni LED nyeupe. LED nyekundu zilipatikana tangu mwaka 1962, lakini nyeupe haikuwezekana mpaka ipatikane ya bluu iliyo na nguvu, nayo ilionyeshwa mwaka 1993 na Shuji Nakamura, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nichia huko Japani. Na kwa ajili ya kazi hiyo, yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Weupe tuuonao ni bluu iliyopenya katika unga wa fosfori, ambao huigeuza sehemu yake kuwa manjano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho huziona kuwa nyeupe. Tabia ya balbu hii ni tofauti na ya ile ya zamani yenye uzi: chini ya volti 2.7 hivi karibu haiwaki kabisa, kwenye volti 3.1 huwaka vyema kwa miliampea 20, na ikiongezwa kidogo tu juu ya hapo mkondo wake huruka mara kadhaa, hata ikaungua. Ni chombo kisichojua kujizuia, na kwa hiyo lazima kizuiwe na kitu kingine.

Namna ya kwanza ya taa, na ndiyo ya maskini kuliko zote, hutengenezwa kwa betri ambazo redio imezikataa. Betri kavu ikiwa mpya ina volti 1.5 na zaidi kidogo. Ikishuka karibu na volti 1.1 redio huanza kukoroma, na mwenyewe huitupa, ingawa haijamaliza alichokilipia. Betri tatu kama hizo zikipangwa mfululizo, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine, ndani ya kipande cha mwanzi au karatasi ngumu iliyokunjwa na kufungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, hutoa volti 3.3 hivi, ambazo ni kidogo tu juu ya haja ya LED. Wengi huiunganisha balbu moja kwa moja, bila rezista ya kuuzuia mkondo, na taa huwaka mikesha kadhaa bila kuungua, jambo ambalo mtu aliyesoma vitabu vya umeme huweza kulistaajabia. Lakini sababu yake ni dhahiri akikumbuka kuwa betri iliyochoka huongezeka ukinzani wa ndani, na ukinzani huo ndio unaoifanya kazi ya rezista ambayo haikununuliwa. Nuru ikififia huongezwa betri ya nne. Wako pia waanikao betri juani kabla ya jioni, na wasichekwe, kwa kuwa joto huchangamsha kemia na kuupunguza ukinzani ule kwa saa chache, ingawa haliirudishii betri kile kilichokwisha kutumika.

Balaa huja pale mtu mwenye kuona taa hii ikifanya kazi anapotaka kuiboresha kwa betri mpya. Betri tatu mpya hutoa volti 4.5 au zaidi, na ukinzani wao wa ndani ni mdogo mno. Mkondo hupita bila kizuizi, na LED ambayo ingaliweza kudumu miaka huwa ya samawati, kisha hufifia, kisha hufa. Dawa yake ni rezista moja, na kiasi chake hupatikana kwa kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827: toa volti za LED katika volti za betri, kisha gawanya kwa mkondo unaoutaka. Volti 4.5 ukitoa 3.1 zabaki 1.4, gawanya kwa ampea 0.02, jibu ni ohm 70, na rezista iliyo karibu na hapo ni ya ohm 68, ambayo huweza kupatikana katika redio iliyokufa.

Namna ya pili ndiyo niipendayo na ningependa ienee: taa ya betri ya simu. Ile betri ya Nokia iitwayo BL-5C, ambayo imeingia katika simu za batani na redio ndogo za kila namna, ina volti 3.7 na ujazo wa miliampea-saa 1,020 ikiwa mpya. Iliyochakaa huenda ikabakiwa na 700. Ina vigusio vitatu, na fundi hutumia vile viwili vya pembeni, kwani cha kati ni cha simu kuitambulia betri tu. Faida yake kubwa ni kuwa mlinzi hahitaji kununua mtambo wa kuichajia: huirudisha katika simu, au huibana katika ile chaja ndogo iitwayo kobe, kwa mwenye duka anayechaji simu za watu kwa sola, na jioni huichukua imejaa.

Hapa hesabu yataka uangalifu, kwa kuwa betri ya lithiamu haikai mahali pamoja: ikijaa ina volti 4.2, na hushuka polepole hadi 3.4 na chini ya hapo. Anayepiga hesabu kwa volti 3.7 peke yake atapata ohm 30, na usiku wa kwanza, betri ikiwa imejaa, atasukuma karibu miliampea 37 katika balbu iliyoumbwa kwa 20. Fundi mwangalifu huchagua ohm 47: betri iliyojaa husukuma 23 hivi, ya katikati 13, na hivyo balbu husalimika mwanzo na betri huwekewa akiba mwisho. Balbu nne zikiunganishwa sambamba, kila moja na rezista yake mwenyewe, hutumia miliampea 50 na kitu kwa wastani, na miliampea-saa 700 zikigawanywa kwa hizo hutoa saa 13 na zaidi, ambazo ni usiku mzima na ziada. Nasema kila moja na rezista yake, maana balbu mbili hazilingani hata zikitoka katika mfuko mmoja, na zikishirikiana rezista moja, ile iliyo nyepesi kupitisha mkondo hujitwalia sehemu kubwa na kuungua kwanza, kisha zilizobaki hubeba mzigo wake na kufuata.

Kando ya hizo nne, fundi anayejali macho ya mlinzi huweka balbu moja nyekundu yenye swichi yake, kwa kuwa nuru nyekundu hafifu haiharibu mazoea ya jicho katika giza kama ifanyavyo nyeupe. Nyekundu huhitaji volti 2 tu, hivyo rezista yake ni kubwa zaidi, ohm 180, na mkondo wake kwa wastani ni chini ya miliampea 10, hata betri hiyo moja yaweza kuiwasha mikesha sita. Lakini lipo jambo ambalo wengi hawalitambui. LED nyeupe hukoma kunyonya betri ikikaribia volti 2.7, na kwa tabia hiyo huilinda lithiamu isikauke, jambo linaloua betri za namna hii. Nyekundu haina huruma hiyo, huendelea kunyonya hadi karibu volti 1.8. Betri ya simu imefichiwa ndani yake kijibao cha kukata umeme kabla ya hapo; seli zilizotolewa katika betri ya kompyuta mpakato hazina, na anayezitumia na balbu nyekundu aziongezee kibao hicho.

Habari za betri ya pikipiki nitazipita upesi. Volti zake 12 huwasha LED tatu mfululizo kwa rezista ya ohm 165 au 180, na nguvu yake ni nyingi. Lakini ni nzito kupanda nayo ngazi, ina asidi, na huharibika ikiachwa tupu.

Kifuniko cha taa hupewa umuhimu mdogo kuliko kinavyostahili. Kopo la maziwa lililokatwa ubavu, likatandikwa ndani karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kugeuzwa mdomo chini, huikusanya nuru yote sakafuni na kuizuia isimfikie mlinzi machoni wala isienee shambani. Na kipande cha plastiki ya manjano mbele ya balbu hupunguza ile bluu ambayo wadudu huifuata, faida inayoonekana hasa kumbikumbi warukapo baada ya mvua.

Katika nchi za baridi kali kama Ufini na Kanada, wako wavuvi waketio ndani ya vibanda vidogo juu ya barafu ya ziwa, wakivua kwa tundu walilolitoboa, nao hutengeneza taa za jinsi hii hii. Taabu yao ni baridi, ambayo huzubaisha kemia ya betri na kuipunguzia nguvu papo hapo. Yetu ni jua la mchana, ambalo halionyeshi madhara siku ile ile lakini huufupisha umri wa lithiamu, na kwa sababu hiyo betri isiachwe chini ya turubai la dungu bali ishuke na mlinzi asubuhi. Betri kavu nazo zisisahauliwe ndani ya mwanzi, kwa kuwa zinki ya ganda lake ndiyo inayoliwa ili umeme upatikane, na ganda likitoboka maji makali huvuja. Zikusanywe mahali pamoja mbali na watoto, zisitupwe katika mitaro ya shamba ambalo mtu huyo huyo analitegemea kwa chakula.

Limebaki suala la kiungo cha waya na betri. Waya hulehemiwa kwa risasi kwenye LED na rezista, lakini kwenye betri ya lithiamu haulehemiwi, kwa kuwa joto huiumiza na huweza kuiwasha moto. Hubanwa kwa vibati viwili vya shaba vilivyovutwa na mpira wa tyubu. Shaba huota kutu ya kijani kwa umande, na mpira hulegea kwa jua. Taa ikikataa kuwaka, mlinzi huanza kwa kukwangua vibati hivyo kwa ncha ya kisu na kuukaza mpira, kabla hajailaumu betri.